Gari Limepita Hospitali

Uso wa Mutindi ulikuwa mdogo kama kifungo cha shati, nao ulikuwa ukiteleza juu ya barabara za Delhi. Muinde aliushika kiganjani, kwenye ramani ya simu, ndani ya Probox yake ya teksi iliyoegeshwa nje ya stesheni ya treni ya Voi, mlango wazi, mguu mmoja nje. Kila uso ule ulipokata kona, naye aliinamisha kichwa upande huohuo, kana kwamba yeye ndiye aliyeshika usukani. Ilikuwa picha ya siku mtoto wao Ndunge alipobatizwa. Mutindi amefunga kilemba cha kijani na anacheka kwa meno yote. Sijui kama kuna mwanamke amewahi kucheka hivyo huku akiibiwa.

Maana alikuwa anaibiwa. Kwa hilo Muinde hakuwa na shaka hata chembe.

"Wamefika wapi?" Sylus aliuliza. Sylus ndiye dereva mdogo kuliko wote pale stesheni, na tangu teksi ile ya Delhi iondoke alikuwa ameacha kuangalia mpira. Ramani ya Muinde ilikuwa tamu zaidi.

"Wako kwa ile barabara kubwa. Hospitali ndiyo hii. Bado kidogo tu."

"Mita inasoma ngapi?" Huyo alikuwa Mwandawiro, mtu wa Mghange, mwenye tumbo kubwa na mdomo usiopumzika.

"Hakuna cha mita. Niliwaambia wapatane bei kabla hawajaingia."

"Na dereva akakubali?"

"Akakubali haraka."

Wote watatu walikuwa madereva, wakajua.

"Haraka?" Mwandawiro alisema. "Basi huyo ameshapanga pesa zake ataziokotea wapi njiani."

Muinde alivuta ramani kwa vidole viwili, uso wa mkewe ukakaribia.

Mama yake Muinde, Kasiva, alikuwa na mlango mmoja wa moyo usiofunga sawasawa. Hata kupanda ngazi tatu za kanisa alishika ukuta. Daktari wa Mombasa ndiye aliyesema aende India, na watu wakachanga: kanisa, ndugu, majirani, hata madereva wa stesheni hii. Mutindi akaenda naye, kwa sababu kumwogesha mama mgonjwa ni kazi ya mkaza mwana, na kwa sababu mtu fulani ilibidi abaki Voi aendelee kubeba abiria. Pesa za hospitali zilikuwa zimekwisha kulipwa. Zile zilizobaki zilikuwa za kula, kulala na kuzunguka mjini, na juu ya hizo Muinde aliapa kiapo kimoja: madereva wa Delhi hawatazionja.

Alisoma, huyo! Wiki mbili nzima alikuwa akitazama video za watu wanaofundisha jinsi ya kukwepa gharama za teksi katika miji mikubwa ya ng'ambo. Wote walikuwa vijana wenye mabegi mgongoni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefuatana na mama mgonjwa. Muinde hakuliona hilo. Aliona maarifa tu. Akamrekodia mkewe sauti moja baada ya nyingine. Ukitoka uwanja wa ndege, usichukue teksi za mlangoni, tembea mpaka barabarani. Usiseme kwamba ni mara yako ya kwanza. Bei kwanza, mlango baadaye. Mzigo usiingie buti, ukae nao mapajani. Kama kuna treni, panda treni. Kama hakuna, tuktuk. Na siku ikibidi teksi, piga picha namba ya gari, kaa kiti cha nyuma, halafu nitumie lokesheni niwaone mnavyoenda.

Siku ya kwanza walipanda treni ya chini ya ardhi. Jioni Mutindi alipiga simu akasema mama alipumzika mara nyingi sana kwenye ngazi.

"Pole yake," Muinde alisema. "Lakini mliokoa?"

"Tuliokoa, Baba Ndunge."

Leo hapakuwa na mchezo. Leo daktari mkuu wa moyo angemwona mama, na akimkuta ana nguvu za kutosha, wangempasua wiki hiyohiyo. Mtu akikosa nafasi yake, foleni ilikuwa ndefu na visa ilikuwa fupi. Ndiyo maana Muinde alikubali teksi. Alikubali kwa shingo upande, kama mtu anayempa mgeni asiyemjua funguo za nyumba.

"Ee!" Sylus aliruka. "Amepita!"

Kweli. Alama nyekundu ya hospitali ilikuwa nyuma, na uso wa Mutindi ulikuwa bado unateleza mbele, unacheka, unakwenda zake.

Muinde alipiga simu, akaweka sauti ya juu.

"Mama Ndunge! Mmepita hospitali!"

"Naiona." Sauti ya Mutindi ilikuwa imezungukwa na honi. "Iko ng'ambo ile nyingine. Dereva anasema anaenda kugeuka."

"Kugeuka wapi?"

"Mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele," Mwandawiro alidakia pembeni, akipangusa jasho. "Hata mimi mgeni wangu akiniuliza, humwambia ni hapo mbele."

Sylus alicheka. Muinde hakucheka. Hapa Voi gari likipita hospitali, limepita. Ukitaka kuingia unaingia, unakata tu kulia, hata kama lori linakuja utalipungia mkono. Dereva anayekuacha uitazame hospitali kwa dirisha huku anaongeza mwendo, huyo ana jambo lake.

"Mpe simu nimsemeshe."

Dereva alisema maneno mengi kwa Kiingereza cha kukimbia. Muinde alishika mawili tu: bwana, na mbele.

"Rafiki yangu," Muinde alimwambia, naye kwa Kiingereza, "mimi pia ni dereva. Hiyo kazi naijua."

Yule mtu akasema tena bwana, akasema tena mbele, sasa kwa sauti iliyopanda. Nyuma yake Kasiva alikohoa. "Ni nini?" aliuliza mama, pumzi fupifupi. "Tumepotea?"

Sauti ile ilimchoma Muinde. Uso kwenye ramani ulikuwa umeshafika mbali, umeiacha hospitali kama mtu aliyesahau alikotumwa.

"Mutindi, shukeni."

"Hapa? Baba Ndunge, hapa ni magari matupu, hakuna hata pa kusimama."

"Shukeni hapo hapo! Anawapeleka mbali, hujui anawapeleka kwa nani."

"Mama amechoka. Na jua la huku..."

"Sikiza. Kati yangu na wewe, dereva ni nani?"

Honi zililia, moja, nyingine, nyingine tena.

"Ni wewe," Mutindi alisema.

Uso ulisimama. Sylus alipiga makofi. "Umemnasa! Atajua hajui!" Mwandawiro naye alimpiga Muinde bega, na kwa dakika hiyo moja Muinde alijiona mkubwa, mtu anayeweza kuvuta breki ya gari lililo ng'ambo ya bahari.

Kisha uso ulianza kurudi nyuma, polepole, mwendo wa miguu. Ukasogea kidogo, ukatulia. Ukasogea tena, ukatulia zaidi. Halafu ukatoweka. Ramani ilibaki na barabara zake na alama yake nyekundu, na maandishi madogo yakasema lokesheni imefungwa.

Alipiga. Hapatikani. Akapiga tena.

"Labda ni chaji," Mwandawiro alisema.

"Labda."

"Ama simu imeenda na mtu wa pikipiki," Sylus alisema. "Unajua ukisimama kando ya barabara na simu mkononi..." Mwandawiro alimkanyaga mguu, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Sasa Muinde alishuku kila kitu. Alimshuku dereva, labda amewarudia. Alishuku wapita njia wa Delhi, mamilioni yao, mmoja baada ya mwingine. Alishuku mtandao. Na chini ya hayo yote lilikuwapo wazo dogo ambalo hakutaka kulitazama usoni: kwamba simu haijaisha chaji wala haijaibiwa, kwamba kuna mkono uliobonyeza. Mkono anaoujua.

Abiria wa treni iliyotoka Mombasa walikuwa wameanza kutoka. Muinde hakusogea.

"Nenda ubebe watu," Mwandawiro alimwambia, safari hii bila utani. "Ukikaa hapa na hiyo sura, utafika Delhi?"

Msichana aliyemjia alikuwa amevaa buibui jeusi na viatu vyeupe vya raba. Alikuwa anakwenda Bura kumwona shangazi yake. Waliulizana bei, msichana akaipunguza, akaipunguza tena, wakakubaliana. Kisha akazunguka nyuma ya gari, akapiga picha namba. Muinde alifungua buti, naye akatikisa kichwa. Akaingia kiti cha nyuma, begi mapajani.

Muinde alimtazama kwa kioo. Yalikuwa yaleyale yote, mpaka lile begi.

"Aliya!" simu ya msichana ilisema kwa sauti kubwa. "Ushaingia?"

"Nishaingia, kaka Alwi."

"Dereva yuwaitwaje?"

"Nimuulize?" Alimuuliza. "Aitwa Muinde."

"Mwambie nawaona hapa. Asije akatuletea njia zake za ajabu."

"Amekusikia, sauti yako yajaa gari zima."

Muinde alitabasamu bila meno. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani, mwingine ulikuwa ukigusa simu yake iliyokuwa kimya. Alisimama kituo cha mafuta.

"Mbona mwasimama?"

"Yuatia mafuta, kaka."

"Atia mafuta na abiria ndani? Saa zote alizokaa pale stesheni alikuwa akifanya nini?"

Nilikuwa nikimwangalia mama yangu, Muinde alitaka kusema. Badala yake alilipa, akaondoa gari kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akashika barabara ya Mwatate. Hasira yake ilikuwa ya mtu aliyevuliwa viatu hadharani. Mimi! Mimi nimebeba mapadri, nimebeba wajawazito mpaka mlango wa wodi, leo nachungwa na mtoto wa Mombasa aliyelalia kochi!

Mji uliisha, vichaka vikaanza, vikavu, vimepakwa vumbi jekundu hadi juu. Milima ya Taita ilikaa mbele yao, imefunikwa na mawingu. Barabara ilikuwa tupu. Muinde aliona kinyesi kwenye lami, kikubwa, kibichi, kingali kinatoa mvuke. Akapunguza mwendo. Akaona mti mdogo upande wa kushoto ukitikisika, na hapakuwa na upepo.

Akasimamisha gari. Akarudi nyuma, taratibu, bila kugeuza.

"Aliya!" Alwi alisema. "Mbona mwarudi?"

Msichana aliinua kichwa kutoka kwenye simu. "Kaka dereva, kwani twarudi wapi?"

Muinde alinyoosha mkono akazima redio. Akasimama tena, akazima na injini. Kisha akabonyeza swichi mlangoni kwake, na kufuli zote nne zikaanguka kwa pamoja, kra!

"Afunga milango!" Aliya alipiga kelele.

"Shuka!" Alwi alikuwa amepandisha sauti hadi ikapasuka. "Shuka sasa hivi! Mko porini, hapo hapana nyumba! Shuka ukimbie, Aliya!"

Msichana alishika mpini wa mlango akauvuta, akauvuta tena. "Nifungulie! Wallahi nitavunja kioo, nifungulie!"

"Dada," Muinde alinong'ona. Hakugeuka. "Nakuomba. Usiniangalie mimi. Angalia kushoto."

Kwanza yalionekana masikio. Kisha kile kilichokuwa kama kichuguu chekundu kikasogea, kikawa bega. Ndovu jike alitoka kichakani, akaweka mguu mmoja kwenye lami kwa uangalifu kama anayejaribu maji, na nyuma yake mtoto, na nyuma ya mtoto wengine, wote wamepakwa udongo wa Tsavo. Walikuwa karibu sana. Muinde aliweza kuona kope za yule mama.

"Aliya! Sema kitu! Aliya!"

Ndovu alisimama katikati ya barabara. Aligeuza kichwa chote kuelekea gari, na masikio yakafunguka.

Mlango ule. Kama ungefunguka.

Aliya alishusha simu polepole, akaikandamiza kifuani, na kidole chake kikatafuta mahali pa kukata. Sauti ya Alwi ikazimika. Ndani ya gari kulibaki pumzi mbili tu, na Muinde, jasho likimtiririka mgongoni, alijua hasa yule kijana alikuwa anatazama nini saa hii huko Mombasa. Uso mdogo kama kifungo, uliosimama mahali pasipo na kitu. Na barabara moja ya manjano. Na eneo la kijani kibichi lisilo na jina hata moja. Angekuwa amesimama sasa. Angekuwa anapiga tena na tena.

Yule mama alisubiri hadi mtoto akavuka. Kisha akakunja masikio, akaenda zake.

Walikaa muda mrefu baada ya kichaka cha upande wa pili kutulia.

"Mpigie," Muinde alisema.

"Nimwambieje?" Aliya aliuliza.

"Mwambie ni ndovu."

Alimpigia. Alwi alipokea kabla haijalia. "Uko wapi? Amekufanya nini?"

"Ndovu, kaka."

"Ndovu wa nini?"

"Ndovu, kaka! Ndovu ndovu!" Na hapo msichana akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akalia.

Alwi akaomba apewe dereva. Muinde aliipokea simu juu ya bega.

"Kaka," Alwi alisema, na sauti yake ilikuwa ya kijana mdogo sana. "Niwie radhi. Huku hakukuonekana chochote. Angeshuka..."

"Hakushuka," Muinde alisema.

Akairudisha simu nyuma, akawasha gari.

Walipofika Bura, shangazi alikuwa ameshatoka mpaka barabarani, kanga begani, habari za ndovu zimewatangulia. Muinde alikataa chai. Alikuwa anageuza gari simu yake ilipolia, na akaliacha gari palepale, mkao wa nusu-nusu, limeziba njia ya watu.

"Tumefika," Mutindi alisema. "Lakini daktari ameshatoka. Wanasema tuje kesho asubuhi, watajaribu kumweka mama katikati ya wengine. Hawakuahidi."

"Mama yuko aje?"

"Amelala. Miguu imevimba."

Aliongea polepole, kama mtu anayehesabu mayai. Ile barabara, alisema, haina pa kuvukia. Katikati kuna ukuta. Walitembea na jua, mama akakaa chini kando ya lami, watu wakipita wanawaangalia. Mutindi akambeba mgongoni.

"Na yule dereva," Mutindi alisema. "Nilimwona. Alikuwa ameshageuka. Alipita ng'ambo ile, upande wa hospitali, polepole, gari tupu. Alifika mbele ya geti, akasimama, akatuangalia. Sisi huku, yeye kule. Alitupungia mkono, Baba Ndunge. Mara mbili. Halafu akaenda."

Muinde alifumba macho.

"Tukapata teksi nyingine. Sikuuliza bei. Na yeye alipita hospitali, akaenda mpaka palepale mbele, akageuka."

Kuku wa mtu alikuwa anapita chini ya gari. Muinde alimsikia akikwaruza.

"Nilipiga sana," alisema.

"Najua. Simu nilizima mimi. Nilikuwa nimembeba mama, na wewe ulikuwa unapiga."

Alikuwa amelijua hilo tangu stesheni. Hata hivyo lilipotamkwa lilimkuta hajajiandaa. Kuna maneno mengi ambayo mwanamume hujiwekea kwa siku kama hiyo, makali na yenye haki ndani yake. Aliyatafuta yote, asilipate hata moja ambalo angeweza kulisema na bado akajisikia sawa.

"Kesho tupande nini?" Mutindi aliuliza. Lilikuwa swali kweli, bila mtego. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Wewe ndiye uko huko."

"Na lokesheni? Nikutumie?"

Gari la nyuma lilipiga honi, na dereva wake akatoa kichwa. "Mzee, utalala hapo?" Muinde aliinua mkono kumwomba subira.

"Usinitumie," alisema. "Nipigie mkishatoka kwa daktari."

Asubuhi iliyofuata baridi ilikuwa bado haijaondoka stesheni, na treni ya kwanza ilikuwa mbali. Muinde alikuwa amekuja mapema kuliko wote. Ndoo ya maji miguuni, tambara mkononi, alikuwa anafuta kioo cha mbele. Simu ilikuwa kwenye kiti cha abiria, imelala kifudifudi.

Sylus alifika akijinyoosha, akachungulia dirishani kutafuta ramani.

"Buda, leta tuone. Wamefika wapi?"

"Wako njiani."

"Njia gani? Wamepanda nini?"

Mwandawiro naye alikuwa amesogea, chai mkononi, masikio yametega. Muinde alilikamua tambara, maji meusi yakamtiririka kwenye vidole.

"Sijui," alisema.

Kioo kilikuwa kimeshatakata zamani. Aliendelea kukifuta.